Kikomo cha Mionzi Katika Chakula: Kiliwekwa kwa Ajili ya Siku Gani?



Ndugu wasomaji, mnamo tarehe 19 Agosti 2025, Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani, ambayo aghalabu huitwa kwa herufi zake tatu FDA, ilitoa tangazo kuhusu kamba. Maofisa wa forodha walikuwa wamegundua mionzi ya sesiamu-137 katika makontena yaliyotoka Indonesia. Bandari zilizotajwa ni nne: Los Angeles, Savannah, Miami, na Houston, mji ambao wengi miongoni mwetu tuna jamaa ndani yake. Pakiti za kamba wabichi walioganda barafu, zenye jina la Great Value, ziliondolewa katika maduka ya Walmart ya majimbo 13, na Texas ikiwamo. Wiki zilizofuata wauzaji wengine nao wakaondoa bidhaa zao.

Tangazo hilo halikuandikwa kwa Kiswahili. Hapa Vickery Meadow, ambapo katika jengo moja la fleti utamkuta Mkongomani wa Kivu, Mrundi, Msomali na Mzanzibari wakigawana ngazi moja, habari ilifika kama zinavyofika habari nyingine: nusu kwa simu, nusu kwa uvumi. Mama mmoja alinisimamisha baada ya sala ya Ijumaa akaniuliza kama kamba sasa wamekuwa haramu. Nilimjibu kwamba sisi wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii tumekula kamba tangu enzi za mababu, na hukumu haikubadilika. Lakini halali ni jambo moja na twaiba ni jambo jingine, na muhuri wa halali uliopigwa juu ya pakiti haupimi sesiamu. Akaniuliza tena: "Basi nani anapima, na anapima mpaka wapi?" Swali hili la pili ndilo linalostahiki kujibiwa kwa urefu.

FDA ilipima sampuli moja ya kamba wale na kukuta bekereli 68 hivi kwa kila kilo. Ikaeleza kwamba kiasi hicho kiko chini sana ya kiwango chake cha kuchukua hatua, ambacho ni bekereli 1,200 kwa kilo. Ikaongeza kwamba hakuna shehena iliyopimwa na kukutwa na mionzi ambayo ilifika madukani. Zilizoondolewa ni nyingine za kampuni ile ile, kwa tahadhari. Hata hivyo ikawaambia watu wasile wala wasiuze. Msomaji makini lazima asite hapo. Ikiwa 68 inatosha kumfanya mtu atupe chakula chake, 1,200 ni ya kazi gani?

Kwanza tufahamiane juu ya maneno. Bekereli moja maana yake ni atomu moja kuvunjika katika sekunde moja na kutoa mionzi yake. Katika kilo moja ya kamba wale, basi, atomu 68 za sesiamu zilikuwa zikivunjika kila sekunde. Msishtuke mapema. Ndizi moja tunayompa mtoto ina bekereli kama 15 za potasiamu ya asili, na mwili wa mwanadamu wenyewe haukosi mionzi tangu Mwenyezi Mungu alipouumba. Tofauti ni kwamba potasiamu mwili huipima wenyewe, na ikizidi huitoa. Sesiamu ni mgeni anayejifanya mwenyeji: mwili huidhania kuwa ni potasiamu, huipeleka kwenye misuli, na kwa mtu mzima huchukua baina ya siku 70 na 110 kabla ya nusu yake kutoka. Huko nje, sesiamu-137 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30. Ndiyo sababu ile iliyomwagwa na ajali ya Chernobyl ya tarehe 26 Aprili 1986 bado imo katika udongo wa sehemu kadhaa za Ulaya.

Wala sipendi kumtia mtu hofu isiyo na msingi. Aliyekula kilo nzima ya kamba wenye bekereli 68 amepata mionzi ambayo haizidi sehemu moja ya ishirini ya ile ya picha moja ya kifua hospitalini. FDA haikusema kwamba mlo mmoja utamdhuru mtu. Wasiwasi wake ulikuwa juu ya kidogo kidogo cha muda mrefu, kwa kuwa mionzi ya namna hii, ikirudiwa, huweza kuharibu chembe za urithi na kuongeza hatari ya saratani. Watoto ndio wa kuangaliwa zaidi, kwani miili yao inakua na umri ulio mbele yao ni mrefu.

Sasa turejee kwenye ile 1,200. Namba hiyo ilitolewa mwaka 1998, katika waraka wa mapendekezo kwa majimbo na serikali za mitaa kuhusu chakula kilichochafuka kwa ajali. Wataalamu walijiuliza hivi: ikitokea ajali kubwa, chakula kiwe na sesiamu kiasi gani ili mlaji, kwa mwaka mzima, asizidishe milisiveti 5 za mionzi? Wakakadiria kwamba asilimia 30 ya chakula chake ndiyo iliyochafuka na asilimia 70 ni safi. Hesabu ikatoa 1,200. Ni hesabu ya watu waliojua kazi yao, wala siwadharau. Lakini tazameni ni hesabu ya siku gani: siku ya msiba, siku ambayo mwenye kuchagua huchagua baina ya chakula chenye mionzi na kukosa chakula. Isitoshe, ni mapendekezo. Si kikomo kilichowekwa na sheria ambacho muuzaji akikivuka amevunja sheria.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Baada ya Chernobyl, mwaka 1986, FDA hiyo hiyo ilikuwa ikitumia kiwango cha bekereli 370 kwa kilo kwa chakula kinachoingia nchini. Mwaka 1998 ndipo kilipopanda hadi 1,200. Katika miaka 12 kikomo kilipanda zaidi ya mara tatu, na sidhani kama kuna mama hata mmoja aliyeulizwa.

Linganisheni na kanuni nyingine ya nchi hii. Upande wa kusini-magharibi wa Fort Worth, karibu na mji mdogo wa Glen Rose, uko mtambo wa umeme wa nyuklia wa Comanche Peak, ambao vinu vyake viwili vilianza kazi mwaka 1990 na 1993. Kanuni za nchi zinaukataza mtambo wenye leseni kama huo, katika uendeshaji wake wa kawaida, kumfikishia mwananchi zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka. Mtambo umebanwa kwa 1, na sahani ya chakula imehesabiwa kwa 5. Mtetezi wa idara atasema kuwa ile 5 ni ya dharura. Naam, na mimi ndivyo nisemavyo. Basi kikomo cha siku za kawaida, siku ambayo meli imetia nanga Houston na hakuna king'ora kilicholia, kiko wapi?

Wajapani waliuliza swali hilo hilo, na wao waliuliza wakiwa ndani ya msiba wenyewe. Baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, serikali yao iliweka kikomo cha muda cha bekereli 500 kwa kilo, kwa kutumia milisiveti 5 hizo hizo. Wazazi hawakuridhika. Katika mji wa Iwaki, mkoani Fukushima, mwezi wa Novemba 2011, akina mama na majirani zao walifungua maabara yao wenyewe iitwayo Tarachine, wakajifunza kupima wali, mboga na maji ya watoto wao. Hawakuwa wanasayansi. Ilipofika tarehe 1 Aprili 2012, serikali ilishuka kutoka milisiveti 5 hadi 1, na vikomo vikawa bekereli 100 kwa chakula cha kawaida, 50 kwa maziwa na chakula cha watoto wachanga, na 10 kwa maji ya kunywa. Nchi iliyokuwa na kila kisingizio cha kulegeza ndiyo iliyokaza.

Baada ya kamba zikaja karafuu, na hapa Mzanzibari yeyote atainua kichwa. Mwezi wa Septemba 2025 FDA ilizuia viungo vya kampuni nyingine ya Indonesia baada ya kukuta sesiamu-137 katika karafuu, bekereli 732 kwa kilo. Nilifundisha Pemba miaka mingi, na harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini bado haijanitoka puani. Wala sisahau kwamba asili ya mti huo ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia, na kwamba sisi tuliupata katika karne ya 19. Lakini tuache fahari za visiwa. Ni kweli hakuna mtu anayekula karafuu kwa kilo. Punje tano katika sufuria ya pilau ni kitu kidogo mno. Nawaomba mtazame namba tu. Kwa kikomo cha Japani cha chakula cha kawaida, karafuu zile zimezidi mara saba. Kwa karatasi ya Marekani ya mwaka 1998, zimo ndani ya kiwango.

FDA ilizizuia hata hivyo, na tunaishukuru. Halafu, kuanzia tarehe 31 Oktoba 2025, ikataka kamba na viungo vinavyotoka katika sehemu maalumu za Indonesia viandamane na cheti. Maofisa walitumia busara yao, na walitumia vizuri. Ila busara haikuandikwa. Ofisa huhamishwa, bajeti hukatwa, mkuu mpya huja na rai mpya. Akija mtu wa kusoma namba tu, atasoma 1,200 na kufungua lango.

Mnaweza kujiuliza sesiamu ilifikaje katika kamba, kwani hakukuwa na ajali ya nyuklia Indonesia. Uchunguzi wa serikali ya huko ulielekea kwenye eneo la viwanda la Cikande, mkoa wa Banten katika kisiwa cha Java, ambapo kilitajwa kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu. Vifaa vya viwandani na hospitalini vyenye sesiamu vikitupwa ovyo huishia katika rundo la chakavu. Likiyeyushwa, sesiamu hupaa pamoja na moshi na vumbi. Jambo hili si geni hata mpakani mwa Texas. Kule Ciudad Juárez, ng'ambo ya El Paso, kifaa cha hospitali chenye kobalti-60 kiliuzwa kwa wanunuzi wa chakavu, kikayeyushwa pamoja na vyuma vingine, na nondo zake zikaingia Marekani. Ziligunduliwa Januari 1984, lori lililozibeba lilipopita karibu na maabara ya Los Alamos na kuamsha kengele za mionzi. Maana yake ni kwamba mionzi katika chakula haingoji Chernobyl nyingine. Yatosha mzee mmoja wa chakavu asiyejua alichonunua.

Wako wanaosema haya ni mambo ya wakubwa, tuwaachie. Nawakumbusha kisa cha unga wa maziwa. Baada ya Chernobyl, kusini mwa Ujerumani Magharibi yalibaki maelfu ya tani ya unga uliotokana na maji ya maziwa baada ya kutengeneza jibini, umejaa sesiamu, haukufaa kuuzwa huko. Mapema mwaka 1987 mabehewa yake yaligunduliwa yakiwa safarini, na ikabainika kuwa safari ilikusudiwa iishie Misri na Angola. Ulizuiwa kwa sababu magazeti na raia wa Ujerumani walipiga kelele. Chakula kilichokataliwa kwa mwenye nguvu hutafuta mlango wa asiyeuliza. Nasi tumewahi kuwa ndio hao wasiouliza, tulipopanga foleni ya mgao kambini bila ya kujua gunia limetoka wapi.

Kwao wengi wetu, si kwamba hapana kipimo. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, makao yake Arusha, ambayo kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003 hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na vinavyotoka. Wafanyabiashara wamelalamikia ada na ucheleweshaji wake mara nyingi, na malalamiko hayo hayafai kudharauliwa, maana kila kikomo kina gharama, na gharama humshukia mwisho mlaji. Mkulima wa Pemba naye atadaiwa cheti siku Marekani itakapokaza. Hata hivyo naona ni afadhali karafuu yake ipimwe na isifiwe kuliko ishukiwe pamoja na za wengine.

Marekani nako wapo raia waliokwisha kusimama. Mwezi wa Machi 2013 vikundi vya watu walioshughulishwa na Fukushima vilipeleka ombi rasmi FDA, vikitaka kikomo cha lazima cha bekereli 5 kwa kilo. Nawaheshimu, lakini kwa rai yangu 5 ni ndogo mno kuitekeleza. Kupima kiasi kidogo hivyo huchukua muda mrefu kwa kila sampuli, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta sesiamu ya majaribio ya mabomu ya zamani katika asali ya mashariki mwa Marekani, nyingine ikipita kiasi hicho. Hatuwezi kuifanya asali ya bibi wa kijijini kuwa kosa la jinai. Ningeomba 100 kwa chakula cha kawaida na 50 kwa maziwa na chakula cha watoto, kama Japani. Tena kiwe kikomo cha sheria, na matokeo ya vipimo vya bandarini yatangazwe hata yanapokuwa madogo. Ombi la namna hiyo si ndoto. Liko mahali linafanya kazi tangu mwaka 2012.

Ama njia ya kusema, ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Kanuni za FDA zinaruhusu mtu yeyote anayehusika na jambo kupeleka ombi kwa maandishi, na idara inapofungua shauri kwa maoni ya watu, mtu yeyote anaweza kuandika. Kanuni haikutaja uraia. Najua wapo miongoni mwetu wanaoona kuandika jina lao katika barua ya serikali ni kujitafutia balaa, kwa kuwa walikotoka ilikuwa hivyo. Siwalaumu. Wapo pia wanaokumbuka mwaka 2014, mgonjwa wa Ebola alipokuwa amefikia katika mojawapo ya majengo yetu, na baadhi ya watu wa mtaa huu wakaambiwa makazini wasije, ilhali hawakuugua wala hawakumjua mgonjwa. Toka siku hiyo wengi hawataki jina la Vickery Meadow litajwe pamoja na neno lolote la kutisha. Lakini mwaka 2014 sisi tulisemwa. Hapa tunataka kusema.

Jimbo nalo lina nafasi yake. Waraka wa 1998 ni mapendekezo kwa majimbo, na siku ya ajali ni Texas itakayoamua maziwa gani yamwagwe. Katika mipango ya dharura ya mitambo ya nyuklia, duara la maili 50 kuzunguka mtambo huhesabiwa kuwa eneo la kuangalia chakula na maji, na Fort Worth imo ndani ya duara la Comanche Peak. Mwakilishi wako aliyeko Austin anayo ofisi yenye karani wa kupokea simu. Muulizeni kwa upole: jimbo litatumia 1,200, au limejiandalia namba nyingine?

Barua isiwe ndefu. Jitaje kuwa ni mzazi, taja umri wa watoto wako, taja kamba waliozuiliwa Houston na karafuu, kisha uliza kwa nini kiwango cha 370 cha mwaka 1986 kikawa 1,200, na uombe kikomo cha lazima cha siku za kawaida. Usitukane, usiapize, usiseme kwamba watoto wamekwisha kuugua ikiwa hawakuugua. Neno moja la uongo litaipeleka barua nzima kapuni.

Na kwa nyumbani: someni jina la nchi chakula kilikotoka na namba ya toleo iliyopigwa kwenye pakiti kabla ya kuitupa. Pakiti ikitangazwa kuondolewa sokoni, irudisheni dukani mdai pesa zenu. Msimpe jirani, wala msiilete futari ya msikitini kwa kuona uchungu kuitupa.

Mwenye kutaka kuandika kwa Kiswahili nitamfasiria kwa Kiingereza, bila ya malipo. Wa Kifaransa pia nitajaribu, ingawa Kifaransa changu ni cha darasani na kimeshika kutu. Barua ziachwe kwa mhariri katika bahasha, wazi, ili nizisome. Majina nitayaacha kama mwenyewe alivyoyaandika.

Wassalaam.